Je, Wajua? Swala Mtazame Nyuma, Mkoko Utazame Mizizi

Je, wajua kwamba swala wengi wa Afrika Mashariki hutambulika vizuri zaidi wakikupa mgongo? Mgeni mbugani hukazania pembe. Dereva mzoefu hungoja mnyama ageuke. Swala granti ana weupe wa makalio unaopanda mpaka juu ya mkia. Weupe wa swala tomi unakomea chini ya mkia, na mkia wenyewe ni mweusi na haupumziki, unapunga kutwa nzima. Swala pala ana mistari mitatu myeusi huko nyuma, mmoja mkiani na mmoja katika kila paja. Ule mstari mweusi wa ubavuni ambao vitabu huusifu sana kwa tomi si wa kuutegemea peke yake, kwa kuwa granti wachanga na baadhi ya majike nao wana mstari wa giza ubavuni, na hapo ndipo abiria hubishana ndani ya gari mpaka swala anajiondokea zake.

Wajua kwamba Tomi na Granti walikuwa watu? Joseph Thomson na James Grant, Waskoti wawili wa karne ya 19. Grant alipita huku pamoja na Speke kati ya 1860 na 1863 wakitafuta chanzo cha mto Nile. Thomson alivuka Umasaini mwaka 1883 na 1884. Wamasai, bila shaka, walikuwa wakiwatofautisha swala hao bila kumngoja yeyote kati yao.

Wajua kwamba kuro nao wako wa namna mbili, na tofauti iko palepale nyuma? Kuro wa Saadani na Tsavo ana duara jeupe kuzunguka mkia. Wa Serengeti na Nakuru hana duara, makalio yote ni meupe. Bonde la Ufa ndilo linalowatenga kwa sehemu kubwa, lakini mahali wanapokutana, kama katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, huzaana, na wewe unabaki na makalio yasiyoingia kundi lolote.

Na wajua kwamba katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, kuna sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu? Ngozi iliyo chini ya hiyo dhahabu ni nene kuliko ya sehemu nyingine ya mwili. Sange hukimbizana na kuumana sana wakigombea maeneo, na meno ya mfukuzaji hufikia hapo kwanza.

Tuachane na makalio.

Wajua kwamba punda milia umtazame tumbo? Yule wa kawaida, wa Serengeti na Mara, milia yake inashuka mpaka chini ya tumbo. Punda milia wa Grevy, wa kaskazini mwa Kenya na Ethiopia, ana tumbo jeupe tupu, milia myembamba iliyosongamana, na masikio makubwa ya mviringo. Jules Grévy alikuwa rais wa Ufaransa aliyeletewa mnyama huyo kutoka Habeshi miaka ya 1880. Hakuwahi kumwona porini.

Wajua kwamba twiga umtazame miguu? Twiga wa Tanzania na kusini mwa Kenya ana mabaka yenye kingo zilizochanikachanika, nayo hushuka mpaka karibu na kwato. Twiga wa Samburu ana mabaka mapana ya hudhurungi yaliyotengwa na mistari myeupe iliyonyooka. Yule wa Nakuru, na wa Murchison kule Uganda, chini ya goti ni mweupe kabisa, hana baka hata moja. Mwaka 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilikubali rasmi kwamba twiga si spishi moja bali nne. Dume au jike? Angalia pembe. Za jike zina kishungi cha manyoya juu. Za dume zina upara kwa sababu ya kupigana.

Wajua kwamba duma analia na chui halii? Duma ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni, na madoa yake yamejaa weusi. Chui hana mistari hiyo, na madoa yake yamejikusanya katika vikundi vya mviringo vyenye rangi katikati. Chini ardhini mambo ni rahisi zaidi: unyayo wa duma unaonyesha kucha, wa chui hauonyeshi, kwa kuwa chui huzificha anapotembea. Fisi na mbwa mwitu nao huacha alama za kucha, kwa hiyo usiishie hapo. Tazama nyuma ya kisigino cha unyayo: jamii ya paka, duma akiwamo, huacha vifundo vitatu pembeni mwa mwisho wake. Fisi hana.

Wajua kwamba simba hutambuliwa mmoja mmoja kwa sharubu? Kila ndevu ya simba inaota kwenye kidoa cheusi, na mpangilio wa vidoa vya safu ya juu haufanani kwa simba wawili. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1970 na Pennycuick na Rudnai waliofuatilia simba wa Hifadhi ya Nairobi, na watafiti wanaitumia hadi leo. Inahitaji darubini nzuri na simba mvivu. Wa pili kumpata si shida.

Wajua kwamba yule mbweha wa dhahabu wa Serengeti si mbweha? Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, wale wanaolia usiku wa barafu, kuliko na mbweha wa dhahabu wa Asia aliyefanana naye kwa sura. Mbweha mwenye mgongo mweusi ameachwa na jina lake.

Wajua kwamba kifaru mweusi si mweusi na mweupe si mweupe? Wote ni kijivu, na baada ya kugaagaa wote ni rangi ya tope la mahali. Tazama mdomo wa juu. Wa mweusi umechongoka na unashika matawi, kwa kuwa anakula vichaka. Wa mweupe ni mpana na umenyooka, kwa kuwa anakata nyasi. Akiwa na ndama, kwa kawaida ndama wa kifaru mweupe hutangulia mbele ya mama, wa kifaru mweusi hufuata nyuma. Na faru weupe unaowaona Nakuru si wenyeji: wazazi wao waliletwa kutoka Afrika Kusini. Faru mweupe wa kaskazini, aliyekuwa wa Uganda, Kongo na Sudan, dume lake la mwisho, aliyeitwa Sudan, lilikufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018. Wakabaki majike wawili, Najin na Fatu.

Msomaji anayekula aruke aya hii. Wajua kwamba kinyesi ndicho kitambulisho kisichodanganya? Vunja kinyesi cha faru mweusi utakuta vijiti vilivyokatwa kwa mshazari, safi, kila kimoja kwa pembe ileile. Cha tembo kina vijiti pia, lakini vimetafunwa ovyo, nyuzi zimetoka nje. Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayomeza. Twiga, pamoja na ukubwa wake wote, anadondosha punje ndogo zinazoshangaza, nazo hutawanyika chini kwa sababu zimeanguka kutoka mbali. Kiboko hana utaratibu: anatumia mkia kusambaza kila upande, na vichaka vya njia yake hupata habari.

Wajua kwamba tembo jike na dume hutofautishwa kwa paji la uso? Likitazamwa kwa ubavu, la jike limevunjika kwa pembe, la dume limeinama kwa mviringo. Nyayo za mbele ni za duara, za nyuma ni za yai.

Jamaa wa karibu wa pimbi walio hai ni nguva na tembo. Hilo wengi wamelisikia. Lakini wajua kwamba pimbi wawili wa aina tofauti huota jua juu ya jiwe moja bila kugombana? Seronera utawaona. Mmoja mnene, wa rangi ya hudhurungi, anashuka kula nyasi. Mwingine mdogo zaidi, tumbo jeupe, nyusi nyeupe, anapanda kula majani ya miti. Wa tatu, perere, anakaa mitini msituni, na huyu hutamtafuta kwa macho: subiri usiku. Anaanza kwa sauti ya kukwaruza, inapanda, inageuka mayowe. Watalii wameshaamka wakidhani mtu anauawa.

Usiku huohuo kuna komba, na wajua kwamba wataalamu hawawatofautishi komba kwa sura bali kwa milio? Spishi mbili zaweza kufanana macho, masikio na mkia, lakini kila moja ina wito wake, na komba kadhaa wa misitu ya pwani ya Tanzania walitambulika kuwa tofauti baada ya watu kuanza kuwarekodi.

Sauti ndiyo iliyosaidia hata kwa kipunji. Wajua habari zake? Wawindaji wa Kinyakyusa walimsimulia kima mwoga wa mlima Rungwe, mwenye nywele zilizosimama utosini, na watafiti wakawa hawana hakika kama ni mnyama au ni hadithi. Mwaka 2003 alionekana Rungwe. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, bila kujua habari za wa kwanza, likamwona msitu wa Ndundulu, Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Mwanzoni aliwekwa katika kundi moja na kima wengine wa msituni wenye mwito wa mbali unaopaa, lakini kipunji hatoi mwito huo. Yeye hubweka kwa sauti nzito ya puani. Wanyakyusa walikuwa wanalijua hilo siku zote, ila hakuna aliyewauliza kwa makini.

Na wajua kwamba kwale wa Udzungwa alitambuliwa kutoka chunguni? Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini katika milima hiyo waliona ndani ya sufuria ya mboga jozi ya miguu ya ndege wasiyoijua. Siku zilizofuata wakamwona mwenye miguu akiwa hai. Ndugu zake wa karibu wako misitu ya Asia. Milima hiyohiyo ikatoa sange mpya mwenye uso wa kijivu, aliyenaswa na kamera ya mtego mwaka 2005 na kupewa jina la kisayansi mwaka 2008. Ana gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Mnyama wa ukubwa huo alikuwa anakatiza kwenye majani makavu bila jina katika kitabu chochote, na sisi tunadhani misitu yetu imeshahesabiwa.

Haya, ndege.

Wajua kwamba kunguru wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja si mwenyeji? Mwenye shingo ya kijivu alitoka Bara Hindi, akaingia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akavuka bahari na kuziteka pwani zote. Kunguru wetu ni yule mwenye kifua cheupe na kola nyeupe mabegani, ambaye sasa ni nadra kumwona mahali kijivu amejaa. Kijivu hula mayai na makinda ya ndege wengine, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Kabla ya kurusha jiwe, basi, tazama shingo.

Wajua kwamba mbuni wa kaskazini mwa Kenya ana shingo ya samawati? Wa Serengeti na Mara ana shingo na mapaja ya waridi. Walihesabiwa kuwa ndege mmoja mpaka 2014, shirika la BirdLife lilipowatenga. Na wale wanaolala juu ya mayai hupokezana kwa rangi: jike wa kijivu mchana, dume mweusi usiku.

Wajua kwamba kanga na kororo si ndege mmoja? Kanga ana pembe ya mfupa utosini na anatembea mbugani hadharani. Kororo ana kishungi cheusi cha nyoya zilizojikunja, na hatoki vichakani kama mwari.

Wajua kwamba kuna ndege anayekutambua wewe kabla hujamtambua? Mlembe, ndege wa asali, kwa macho ni wa kupuuzwa: hudhurungi, kimo cha shomoro mkubwa. Mwangalie akiruka, uone manyoya meupe pembeni mwa mkia. Lakini mara nyingi yeye ndiye atakayekutafuta, akilia kwa mfululizo na kuruka mti hadi mti ili akupeleke kwenye mzinga. Wewe unatoa asali, yeye anakula nta na mabuu. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na Wayao wa Niassa, Msumbiji. Wayao humwita kwa mtetemo wa ulimi unaomalizika na mguno. Watafiti walipotembea na mwito huo, nafasi ya kuonyeshwa mzinga ilikuwa asilimia 54. Walipotumia sauti nyingine, ilikuwa asilimia 16 au 17 tu. Wahadzabe wa ziwa Eyasi humwita mlembe yuleyule kwa mluzi, na utafiti uliofuata, wa mwaka 2023, ulionyesha kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi mwito wa watu wa hapo. Usimsifu mno, hata hivyo. Mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake huanguliwa na ndoana mdomoni ya kuwaulia watoto wa mwenye nyumba.

Wajua kwamba koboko, nyoka mweusi anayeogopwa kuliko wote, ni kijivu au hudhurungi? Weusi uko ndani ya kinywa. Ukifikia kuuona, umesogea mno.

Kinyonga, kwa upande mwingine, hana sumu hata tone, na watu wanamuua bure. Kama unataka kumwona, nenda na tochi usiku: akilala hupauka, na mwangaza unamfichua kwenye kijani cha majani. Dume mwenye pembe tatu usoni ni wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Aliwahi kupelekwa Hawaii mwaka 1972 kuuzwa kama mnyama wa nyumbani, akatoroka, na sasa amejaa huko. Wale wa Usambara na milima jirani tangu 2006 wana jenasi yao, na jina lake katika vitabu vya sayansi duniani kote ni Kinyongia.

Sasa twende pwani, ambako wavuvi hawahitaji safu hii.

Wajua kwamba kasa na ng'amba hutambulika hata wakiwa wamesharudi baharini? Kasa huburuta mwili kwa kupiga mapezi mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo njia yake mchangani ina alama zinazokabiliana. Ng'amba hupiga moja moja kwa kupokezana, na alama zake zinapishana. Ukimkuta mwenyewe, ng'amba ana mdomo wa ndoana, na magamba ya mgongoni yamelaliana kama vigae vya paa. Magamba hayo ndiyo yaliyomponza: yalikuwa bidhaa ya pwani hii hata katika kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus.

Na wajua kwamba anayesema "mikoko" akaishia hapo hajasema kitu? Bonde la Rufiji peke yake lina zaidi ya hekta 50,000 za misitu hiyo, na ndani yake kuna miti isiyo na undugu wa karibu, iliyokutana tu kwa kustahimili chumvi. Usitazame majani, yatakuchanganya. Tazama tope. Mizizi iliyojipinda kutoka shinani na kusimama juu ya maji ni ya mkoko wenyewe. Vijiti vyembamba vilivyonyooka juu, unene wa penseli, mamia kuzunguka mti mmoja, ni vya mchu. Lamba jani lake utaonja chumvi, kwa kuwa huitolea hapo. Vijiti vinene vyenye ncha, vipana chini, ni vya mlilana, mti unaopenda kusimama mbele kabisa, bahari ikiupiga. Mizizi iliyokunjwa kama magoti ni ya muia, ambao sehemu nyingine huitwa msinzi. Mkandaa ni mdogo wa umbo, na mche wake unaoning'inia una migongo inayofuata urefu wake. Mkomafi huwezi kuukosa: tunda lake ni tufe zito kama mpira, na mizizi yake hujiviringisha juu ya tope kwa utepe mrefu.

Maarifa hayo si ya kujifurahisha. Boriti za Mji Mkongwe na Lamu zilikatwa mikokoni, na vyumba vya nyumba za mawe vikawa vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuziba upana zaidi ya mita 3 hivi. Majahazi yalizipeleka Oman na Ghuba yote, ambako miti ya kujengea haikuwapo. Mnunuzi aliyeuziwa mlilana badala ya mkandaa alijua baada ya mchwa kujua.

Maua, mwisho wa safari na mwanzo wa kudanganyika.

Wajua kwamba maua mengi unayoyaita ya kwetu yamekuja kwa meli? Jakaranda inayozambarisha Nairobi kila Oktoba ni ya Amerika Kusini. Boganvilia, pia. Msanapichi wa makaburini, Amerika. Mkrismasi, unaowaka Dar es Salaam mwezi Desemba, ni wa Madagaska. Alizeti mwitu wa kandokando ya barabara za nyanda za juu ni wa Meksiko. Ukitaka mti wa Kiafrika wenye kuwaka, ni kifabakazi, wenye vikombe vyekundu vinavyotazama juu, nao umegeuka gugu huko visiwa vya Pasifiki. Tumelipa deni.

Wajua jinsi ya kutofautisha mshubiri na mkonge? Kata jani. La mshubiri linatoa ute, la mkonge linatoa nyuzi. Mshubiri huchanua msimu baada ya msimu. Mkonge huchanua mara moja, kwa mlingoti mrefu, kisha hufa. Mshubiri ni mwenyeji. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg, na 62 tu ndiyo iliyofika Tanganyika ikiwa hai. Mashamba yote ya Tanga yalianzia hapo.

Mti wa miiba usio na majani, wenye matawi ya kinara, si mpungate: vunja kidogo, ukitoa maziwa meupe ni wa jamii ya mnyaa, na jikinge macho, maziwa hayo yanaweza kupofusha. Mipungate ni ya Amerika. Yote, isipokuwa mmoja unaoning'inia mitini katika misitu yetu, ambao inadhaniwa ulivushwa bahari na ndege.

Gugu maji na yungiyungi? Gugu maji linaelea, shina limevimba hewa, maua ya zambarau yamesimama pamoja. Liliingia ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yungiyungi limejikita matopeni, jani limelala bapa na lina mpasuko mpaka kwenye shina. La kwanza ling'oe. La pili liache.

Wajua kwamba migunga ya Afrika si akasia tena? Mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliwapa Waaustralia jina hilo, na uamuzi ukathibitishwa Melbourne 2011. Yetu imegawanywa mafungu mawili, na miiba ndiyo hakimu: mirefu iliyonyooka jozi jozi ni Vachellia, ya ndoana ni Senegalia. Kisha ukutane na mgunga mwavuli wa Serengeti, ambao kwenye tawi moja una miiba mirefu iliyonyooka na mifupi ya ndoana. Huo ni Vachellia tortilis, utauthibitisha kwa maganda yaliyojisokota. Mgunga wa gome la njano nao wapelelezi wa zamani waliusingizia malaria, kisa unaota kando ya maji, walikokuwa wakilala na mbu.

Wajua kwamba ua la urujuani lililo kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani ni la Tanga? Baron Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa Usambara, alituma mbegu au miche kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Porini tafuta mwamba wenye kivuli na ukungu, majani yenye manyoya yaliyobana jiwe, na ua la petali tano: mbili za juu ndogo, tatu za chini kubwa, na njano katikati. Jenasi imebadilishwa jina, na misitu inazidi kupungua.

Na Kitulo. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, nayo iko juu ya Mbeya na Njombe, ikitambuliwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina spishi 45 za okidi za ardhini. Njoo wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, ukiwa umejifunza jambo moja: hesabu vikia nyuma ya ua. Kofia ya juu yenye kikia kimoja ni Disa. Kofia yenye vikia viwili ni Satyrium. Kikia kimoja kinachoning'inia chini, kutoka mdomo wa ua, huenda ni Habenaria. Chini ya kila mmea kuna viazi vidogo, na huko Zambia husagwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana. Soko hilo limevuka mpaka na kufika nyanda za juu za kusini, na mchimbaji akichukua kiazi amechukua mmea mzima.

Orodha kamili ya mimea yetu ilichukua miaka 60. Vitabu vya Flora ya Afrika Mashariki ya Tropiki vilianza kutoka mwaka 1952 na vikakamilika 2012, vikiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Tanzania na Uganda. Waliovikamilisha walitegemea majani makavu yaliyohifadhiwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kew, mengi yakiwa yamekusanywa na watu ambao hawakujua jina la walichokiokota.

Kwa hiyo ukipiga picha ya ua porini, usiishie kwenye ua. Piga jani, mgongo wa jani, gome, na mmea mzima ukiwa umesimama mahali pake. Andika mahali na tarehe, uliza mwenyeji anauitaje, kisha uuache uzae mbegu.